Kubadilisha Zulia la Gari la Zamani

Zulia la gari la zamani huozeshwa na maji zaidi ya umri. Mwenye gari anayeng'oa zulia bovu asubuhi na kutandika jipya jioni, bila kuuliza maji yaliingilia wapi, ameyapa maji hayo godoro jipya la kulalia. Mfano wangu hapa ni Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978 na ambalo bado huonekana katika barabara za Nairobi, lakini kazi ni ile ile kwa Volkswagen Beetle, Datsun au Mercedes-Benz ya miaka hiyo. Panga kuifanya Januari au Februari, kabla ya masika kuanza mwezi Machi, kwa kuwa gari litakaa siku kadhaa sakafu ikiwa wazi.

Kwanza tenganisha waya wa betri. Katika Beetle jambo hili ni la lazima, maana betri yenyewe imekaa chini ya kiti cha nyuma, na springi za kiti zikigusa vichwa vyake moto unaweza kuwaka. Kisha toa viti. Boliti zake mara nyingi zimeshikwa na kutu, kwa hiyo zinyunyizie mafuta ya kulegeza jioni ya kuamkia kazi na uziache zilale nayo. Boliti inayokatika ndani ya sakafu itakugharimu muda mwingi kuliko zulia lote. Vile vipande vyembamba vya alumini vilivyo kwenye vizingiti vya milango vitolewe kwa subira, kwa sababu hupinda kwa urahisi na kupata vingine si kazi ndogo. Piga picha kila hatua kwa simu, na skrubu za kila sehemu uzitie katika mfuko wake ulioandikwa jina.

Zulia la zamani usilitupe, hata kama linanuka. Kabla ya kuling'oa, chukua chaki na uandike juu ya kila kipande upande wake, mbele yake na nyuma yake, pamoja na mshale wa kuonyesha manyoya yanalalia wapi. Litakuwa kielelezo chako cha kukatia, na pia ndilo shahidi wako. Ukikuta unyevu mbele, chini ya dashibodi, shuku mpira wa kioo cha mbele. Unyevu huo ukiwa unateleza vidoleni na una harufu tamutamu, hayo ni maji ya rejeta yanayovuja kutoka kwenye hita. Unyevu ukiwa kando ya mlango, angalia ile karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya ubao wa mlango, ambayo mafundi wengi huichana wanapotengeneza kioo na hawairudishi. Ili kuthibitisha, tandaza magazeti makavu juu ya sakafu tupu, mwombe mtu amwagie gari maji kwa mpira akianzia chini na kupanda polepole, nawe ukae ndani na tochi. Nakala ya zamani ya Taifa Leo itakuonyesha tone la kwanza lilipoangukia kabla jicho lako halijaliona likishuka.

Magari mengi ya Nairobi yana tatizo jingine. Zulia la asili lilipochakaa, mwenye gari aliweka plastiki ya sakafu ya nyumba na kuibandika kwa gundi kila pembe. Plastiki hiyo hupigwa deki vizuri, lakini chini yake vumbi la barabara za murram hugeuka tope ambalo halikauki, na bati huliwa taratibu bila mtu kujua. Ing'oe yote. Chokonoa sakafu kwa bisibisi, hasa kwenye pembe na chini ya zile pedi nyeusi za lami za kupunguza kelele. Mahali bisibisi inapozama panahitaji kukatwa na kuchomelewa bati jipya. Usikubali fundi achomelee kabla hajaangalia chini ya gari mahali mabomba ya petroli na ya breki yanapopita. Kutu ya juu juu isuguliwe kwa brashi ya waya, ipakwe dawa ya kutu, kisha praima, kisha rangi, na maungio ya bati yazibwe. Matundu ya sakafu yenye vifuniko vya mpira yarudishiwe vifuniko vipya. Acha rangi ikauke kabisa. Rangi mbichi iliyofunikwa itaendelea kunuka ndani ya gari kwa wiki nyingi.

Kuhusu kununua, zipo seti zilizokatwa tayari zinazouzwa Ulaya, lakini za 504 nyingi hukatwa kwa magari ya usukani wa kushoto. Ikifika hapa, tundu za pedali na kile kipande cha mpira cha kuegemeza kisigino vitakuwa upande wa abiria. Kwa maoni yangu ni afadhali kununua zulia la mita na kumpelekea fundi wa viti vya gari, ambao hawakosekani Ngara, Kirinyaga Road wala Kariobangi. Kipande cha upana wa mita 2 na urefu wa mita 3 kinatosha gari la ukubwa huo bila buti. Chagua zulia jembamba linalokunjika. Zulia la sebuleni lenye sponji mgongoni ni rahisi kulipata, ila hunyonya maji na kuyashika, na halikubali kupinda juu ya ule mgongo wa sakafu ulioinuka katikati ya gari. Chini yake weka felti, kitambaa kizito cha nyuzi zilizogandamizwa, ambayo huzuia joto na kelele.

Wakati wa kukata, laza zulia jipya kifudifudi, mgongo ukiwa juu, na kielelezo nacho kifudifudi juu yake. Mimi niliwahi kulaza kimoja chali na kingine kifudifudi, nikapata kipande safi kabisa cha kushoto mahali nilipohitaji cha kulia. Hakikisha mishale yote ya manyoya inaelekea upande mmoja, la sivyo nusu ya gari itaonekana nyeusi kuliko nyingine juani, na hata kama huna nia ya kulipeleka gari kwenye maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, utaiona kasoro hiyo kila ufunguapo mlango. Ongeza sentimita 3 kila upande, utapunguza baadaye. Usikate tundu lolote kwanza. Kingo zitakazoonekana zishonwe utepe wa ngozi ya bandia kwa cherehani nzito, baada ya kujaribiwa garini.

Kutandika huanzia katikati. Mgongo wa katikati na kuta za pembeni ndizo zinazohitaji gundi, ile ya mpira ambayo hupakwa pande zote mbili na kuachwa mpaka isishike kidole, kisha vipande vikagandamizwa. Fungua milango yote ukiifanya kazi hii, wala asiwepo mvuta sigara karibu. Vipande vya sakafu viache bila gundi, ili uweze kuvinyanyua na kuvianika. Kwa tundu za boliti, tafuta kila tundu kwa msumari kutoka chini, kisha lipanue kwa chuma cha moto ikiwa zulia ni la nailoni, au kwa kitoboleo kikali ikiwa ni la sufu. Usitumie drili, kwa kuwa hunasa uzi mmoja na kuukokota hadi mwisho wa zulia.

Mikanda ya usalama irudishwe kwa boliti zake zile zile, na kila boliti ikazwe ikiwa imekaa juu ya chuma, bila zulia kubanwa katikati. Baada ya hapo kaa kwenye kiti cha dereva injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho na uiachilie ghafla mara kadhaa. Ikichelewa kurudi au ikigusa ukingo wa zulia, punguza zulia hapo hapo kabla hujawasha gari. Jaribu klachi na breki vivyo hivyo. Mvua ya kwanza ikishanyesha, nyanyua pembe za mbele na upitishe kiganja juu ya felti.