Mkaa mweupe usioipausha sura: kuchora uso kwenye karatasi ya kaki

Kuna michoro ambayo ukiitazama unatamani kumpa aliyechorwa kopo la mafuta ya kujipaka. Paji la uso, mashavu, pua na kidevu vyote vimetiwa weupe, na ngozi iliyotakiwa kung'aa imepauka. Vifaa havina kosa. Kosa ni kuudhani mkaa mweupe kuwa rangi ya kupaka ngozi, ilhali kazi yake ni kuonyesha pale mwanga ulipogonga, basi. Kwenye ngozi nyeusi kosa hilo halijifichi, kwa sababu mng'ao wake ni mdogo, mkali na wenye mipaka, na kinachouzunguka ni cheusi.

Maelezo haya ni ya kichwa cha mtu mzima, kama sentimita 20 kutoka utosini hadi kidevuni, kwenye karatasi ya A3. Tenga saa mbili au tatu.

Kijiti chenyewe

Jina linapotosha. Mti ukichomwa kwa hewa kidogo huwa mkaa mweusi. Ukiungua mpaka ukawa mweupe, hayo ni majivu. Mkaa mweupe wa wachoraji hauna mti ndani yake. Ni unga wa kalsiamu kaboneti, madini yale yale ya mawe ya chokaa, uliotiwa gundi kidogo na kushindiliwa. Vingine huongezwa titani dioksaidi, na hivyo ndivyo vinavyofunika zaidi. Utavipata kama vijiti vya pembe nne au kama penseli. Kijiti ni cha sehemu pana kama kitambaa cha kichwani na bega la shati. Penseli ni ya jicho, mdomo na ncha ya pua. Ukiwa na pesa ya kimoja tu, nunua penseli.

Chaki ya ubaoni inafaa kwa mazoezi tu. Nyingi hutengenezwa kwa jasi, na imekusudiwa ifutike kwa mpapaso mmoja, kwa hiyo hata kwenye karatasi haikai. Krayoni nyeupe na penseli ya rangi nyeupe ni mbaya zaidi: zina nta, mkaa mweusi hauishiki nta hiyo, na raba haiitoi yote.

Karatasi ndiyo rangi ya tatu

Kwenye karatasi nyeupe kijiti cheupe hakina kazi. Unahitaji karatasi yenye rangi ya katikati, na iliyo rahisi kupatikana kuanzia Nakuru hadi Busia ni kaki ile ya kufunikia madaftari ya shule. Ipapase kwanza. Mara nyingi upande mmoja unateleza na wa pili unakwaruza kidogo. Chora kwenye unaokwaruza, kwa sababu unga unahitaji pa kujishikiza. Kaki ni nyembamba, kwa hiyo tandika magazeti matatu au manne chini yake kabla ya kuibandika kwenye ubao wa plaiwudi, la sivyo mistari ya mbao itajitokeza katikati ya shavu.

Aibu ya kaki ni kwamba ina asidi. Baada ya miaka inazidi kuwa kahawia na kukatikakatika. Kwa mazoezi na kazi za darasani haina neno. Kwa mchoro wa kuuza, tafuta karatasi ya wachoraji kama Canson Mi-Teintes ya gramu 160, na utumie upande wake laini. Upande wa pili una vishimo kama sega la nyuki, na vishimo hivyo usoni huonekana kama ndui.

Njia ya katikati ni kuipaka rangi karatasi nene kwa chai, na huku karibu na Kericho chai si tatizo. Chemsha vijiko vinne vya chakula vya majani katika nusu lita ya maji kwa dakika kumi, chuja, acha ipoe. Bandika karatasi ya rangi za maji, ya gramu 200 au zaidi, kwa tepu pande zote nne, halafu pitisha brashi pana kwa ulalo. Ikikauka, pitisha tena kwa wima. Ni chai ya rangi tupu: maziwa huacha mafuta, na sukari huita sisimizi. Mwanga wa jua hufifisha rangi ya chai, kwa hiyo mchoro wake usitundikwe mkabala na dirisha.

Usijaribu kuipata rangi ya katikati kwa kusugua vumbi la mkaa mweusi karatasi nzima. Kijiti cheupe kitaliokota vumbi hilo popote kitakapopita, na huo ndio mwanzo wa mpauko.

Kwa nini nyeusi na nyeupe zisikutane

Mkaa mweusi ukichanganyika na mweupe unatoa kijivu. Kijivu hicho kikikaa kando ya kahawia ya kaki, jicho linakiona kina ubuluu, kama ngozi ya mtu aliyepigwa na baridi ya Molo alfajiri. Hakuna usuguaji utakaoiondoa hali hiyo; ukizidi kusugua inazidi kutanda.

Kwa hiyo kati ya nyeusi na nyeupe acha ukanda wa karatasi tupu, hata wa milimita mbili. Ukanda huo ndio unaogeuza mviringo wa shavu kutoka kivulini kuingia kwenye mwanga. Mfaransa Pierre-Paul Prud'hon (1758–1823) alichora miili ya watu kwa chaki nyeusi na nyeupe juu ya karatasi ya buluu, na sehemu kubwa ya uhai wa michoro ile inatokana na karatasi aliyoiacha ifanye kazi.

Kabla ya kugusa uso, chora visanduku vitano vya sentimita mbili pembeni mwa karatasi ile ile: nyeusi ya kukandamiza, nyeusi ya kupapasa, karatasi tupu, nyeupe ya kupapasa, nyeupe ya kukandamiza. Kama tofauti kati ya cha nne na cha tano haionekani ukisimama hatua tatu nyuma, mkono wako bado ni mzito.

Mwanga wa kumkalisha mtu

Taa moja au mlango mmoja, mwanga ukitoka juu upande mmoja. Mtu akikaa ndani, mita moja kutoka mlangoni, jua lisimfikie, unapata kivuli kimoja kinachoeleweka. Ukiwasha na taa ya darini, uso unakuwa na ming'ao miwili inayogombana. Nje, Kisumu iko karibu kabisa na ikweta na jua la adhuhuri hushuka wima: paji la uso linawaka na macho yanakuwa mashimo. Chora kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi jioni.

Nyeusi kwanza, na nyingi

Amua jambo moja kabla ya kuanza: karatasi hii ni sehemu gani ya ngozi yake? Kwa mtu mwenye ngozi ya maji ya kunde, kaki yenyewe ndiyo ngozi na nyeusi ni ya vivuli tu. Kwa mtu mweusi tititi, kaki ni sehemu zake zilizopata mwanga, na karibu uso wote uliobaki utapakwa nyeusi ya kupapasa. Wanaoruka uamuzi huu huishia kumchora kila mtu maji ya kunde, kisha hujaribu kumtofautisha kwa kuongeza nyeupe.

Chora mistari ya mwanzo kwa mkaa laini wa vijiti vyembamba, kwani unafutika. Pima: mstari wa macho uko katikati ya kichwa, si juu zaidi. Weka vivuli vikubwa kwa ubavu wa kijiti: tundu la jicho, ubavu wa pua, chini ya mdomo wa chini, chini ya taya. Vilainishe kwa karatasi ya chooni iliyosokotwa. Kidole kina jasho na mafuta, na alama yake hushika mkaa vibaya. Sehemu za giza kabisa, yaani tundu za pua, mstari wa kati ya midomo na mboni, malizia kwa mkaa mgumu wa kushindiliwa.

Kisha safisha pale nyeupe itakapokaa. Tumia raba laini ya kukanda, au gundi laini ya kubandikia mabango ukutani: ikande, igandamize, iinue. Usisugue. Zamani wachoraji walitumia nyama ya mkate mweupe kwa kazi hii na bado inafaa, ila mkate wenye mafuta mengi huacha doa, basi ujaribu kwanza pembeni.

Sasa nyeupe, kwa uchoyo

Kabla ya nyeupe, nyeusi ikazwe kwa dawa, kama inavyoelezwa mwishoni. Kisha nawa mikono. Badilisha kitambaa, msasa na karatasi ya kusugulia: vya nyeusi na vya nyeupe visichangie hata mara moja. Chonga ncha ya penseli kwa msasa laini, ukiizungusha. Ukiisukuma mbele na nyuma inakatika.

Kumbuka ming'ao ni ya namna mbili. Ule mpana na hafifu ni wa ngozi inayotazama mwanga: sehemu ya paji, juu ya mfupa wa shavu. Upapase kwa ubavu wa ncha, tabaka moja, karatasi ikiendelea kuonekana katikati ya chembe. Ule mkali ni wa mafuta na unyevu juu ya ngozi: alama kama punje ya mchele kwenye ncha ya pua, mstari mfupi kwenye mdomo wa chini, nukta machoni. Huo unakandamizwa mara moja na kuachwa. Usiulainishe kingo zote. Upande unaotazama kivuli ubaki umekatika.

Weupe wa jicho si mweupe. Jicho ni mpira uliokaa shimoni, kope la juu linautia kivuli, kwa hiyo uache rangi ya karatasi na hata uutie nyeusi hafifu pembeni. Nukta nyeupe ni moja kwa kila jicho, na zote mbili upande ule ule zinakotoka mwanga. Meno nayo vivyo hivyo: ukiyapaka meupe yote unapata kibao cha piano. Tia alama meno mawili ya mbele, mengine yaache karatasi.

Mvi ni kazi nzuri ya kijiti hiki, lakini usipake nyeusi kwanza halafu uchore nywele nyeupe juu yake. Acha karatasi tupu, weka vivuli vichache kati ya vishungi, kisha vuta mistari mifupi ya nyeupe kufuata nywele zinavyojisokota. Kitambaa cheupe cha kichwani ndipo pekee unapoweza kumwaga mkono: hapo kijiti kinalazwa ubavu na mikunjo inaachwa karatasi.

Kipimo cha haraka: ukifumba macho nusu, nyeupe usoni isizidi kama sehemu moja ya kumi. Ikizidi, inua kwa raba. Mahali ambapo kijivu kimeshatokea usiongeze nyeupe juu yake. Inua vyote viwili mpaka karatasi ionekane, halafu anza upya.

Kukaza mchoro

Hapa ndipo kazi ya saa tatu huharibika kwa sekunde tano. Ubao wa darasani ukifutwa kwa kitambaa chenye maji huonekana safi kabisa. Ukikauka, weupe wa chaki unarudi. Chaki ni nyeupe kwa sababu hewa iliyo kati ya chembe inatawanya mwanga. Maji yakiijaza nafasi hiyo, chembe zinapitisha mwanga na weupe unazimika. Dawa ya kukaza mchoro, yaani ile ya kupuliza ili unga ushike kwenye karatasi, inafanya vivyo hivyo, tofauti ni kwamba maji hukauka na kuondoka, ila utomvu wa dawa unabaki kati ya chembe, na weupe haurudi wote. Vijiti vyenye titani dioksaidi huvumilia zaidi. Spreyi ya nywele ina tabia hiyo hiyo, na juu yake huleta umanjano.

Suluhisho ni mpangilio. Nyeusi ikimalizika, kabla ya nyeupe yoyote, simamisha ubao nje pasipo upepo na upulize kutoka sentimita 30, mipito miwili myepesi. Anza kubonyeza ukiwa nje ya ukingo wa karatasi, kwa sababu tone la kwanza huwa kubwa. Subiri dakika 20. Sasa hata nyeupe ikigusa nyeusi haitachanganyika kirahisi. Malizia kwa nyeupe, na hiyo usiipulizie.

Vumbi lililobaki usilipulize kwa mdomo, kwani tone moja la mate ni doa la kudumu, na unga wenyewe unaingia kifuani. Inamisha ubao na uugonge nyuma kwa kidole.

Mchoro usiokazwa hausokotwi. Ufunike kwa karatasi ya kuokea, uuweke kati ya makadibodi mawili yaliyobanwa kwa tepu, na kwenye matatu uushike magotini badala ya kuutupa chini ya kiti. Fundi wa fremu mwambie mambo mawili: kioo cha kawaida, kwa kuwa plastiki huvuta vumbi kwa umeme wake, na ukanda wa kadibodi wa milimita mbili hadi tatu pembeni ili kioo kisiguse uso wa mchoro.