Mambo ya Kuandaa Kabla Choo Hakijawa Kigumu Wakati wa Ujauzito

Mama anaporudi kutoka kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza akiwa na kadi yake na vidonge vya kuongeza damu, ni nadra awe ameandaa nyumba kwa jambo linaloweza kuanza kumsumbua mapema sana, nalo ni kufunga choo. Homoni ya projesteroni, ambayo huutuliza mji wa mimba usibanebane, hulegeza pia misuli ya utumbo, hivyo chakula hupita polepole na maji mengi hufyonzwa kabla choo hakijatoka. Baadaye mji wa mimba unaokua huugandamiza utumbo, na madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge huongeza ugumu. Kwa hiyo maandalizi yaanze siku ileile vidonge vinapopokelewa, si siku ya tatu ya kukaa bila choo.

Vidonge hivyo ndivyo vinavyonitia wasiwasi kuliko kitu kingine. Niliwahi kufungua kabati la vyombo la ndugu yangu mmoja hapa Moshi, nikakuta nyuma ya chupa ya chai pakiti tatu ambazo hazijaguswa. Aliviacha kimyakimya kwa sababu vilimfunga choo, na kila alipoulizwa kliniki alijibu kwamba anameza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma pamoja na miligramu 0.4 za asidi ya foliki, kwa kuwa mama mwenye upungufu wa damu huwa hatarini zaidi akivuja damu wakati wa kujifungua. Basi amua mapema kwamba vikikusumbua utamweleza muuguzi ukweli, naye atakushauri kuhusu muda wa kumeza, kiasi au aina nyingine. Vimeze kwa maji au juisi ya chungwa, mbali na chai na maziwa, na usishtuke choo kikiwa cheusi, kwani hiyo ni kawaida ya madini ya chuma.

Jikoni, badili unga wa sembe uwe dona, na uloweke maharage na mahindi usiku ili makande ya kesho yasikushinde kwa uchovu. Mnafu, mchicha, parachichi na papai lililoiva vizuri vinapatikana sokoni kwetu bila kuhangaika. Mtori tunauthamini sana, lakini ndizi zilizomenywa na kupondwa haziwezi kubeba peke yake kazi ya nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea isiyosagika tumboni inayolainisha choo. Uandamane na mboga za majani. Ongeza vyakula hivi kidogo kidogo, la sivyo tumbo litajaa gesi. Mabadiliko ya chakula yasipotosha, pumba za ngano zinaweza kuongezwa kwenye uji.

Maji yanahitaji mpango, hasa kati ya Juni na Agosti, baridi inapotufanya tushinde na kikombe cha chai na kusahau maji kabisa. Weka chupa ya lita moja na nusu mahali unapokaa, uimalize kabla ya magharibi, na usiku unywe tena kidogo. Jumla ya vikombe 8 hadi 12 kwa siku inatosha. Kwa walio maeneo ya Arumeru ambako maji yana floridi nyingi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, ulizieni chanzo salama mapema, kwa sababu kuchemsha maji hakuiondoi.

Udongo unaouzwa sokoni kwa vipande uachwe. Najua hamu yake ni kali, lakini hufunga choo na huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Mweleze muuguzi, maana hamu hiyo huenda ikawa dalili ya upungufu wa damu.

Tenga dakika chache asubuhi baada ya chai, utumbo unapoamka, uende chooni bila haraka, na ukihisi haja usiizuie, kwani kujikamua sana huleta bawasiri. Kwenye choo cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu. Kutembea nusu saa jioni husaidia pia.

Kuhusu dawa, zungumza na wazee wa nyumbani kabla hawajakuletea, kwa heshima lakini bila kuyumba: mafuta ya mbarika yanaweza kuamsha uchungu, na shubiri, sanamaki au chumvi ya haluli visitumiwe bila ushauri wa mtaalamu. Zipo dawa za kulainisha choo zinazofaa wajawazito, na mtoa huduma ndiye wa kukuchagulia.

Mwisho, mwenzako nyumbani ajue dalili za kukimbilia hospitali hata usiku: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, tumbo kuvimba bila hata hewa kutoka, na damu kutoka njia yoyote. Maumivu yanayokuja na kuachia kabla ya wiki 37 yasihesabiwe kuwa ni choo tu. Huenda ni uchungu umeanza.