Kusoma Daftari la Ardhi Kabla ya Kunyoosha Mkono Mnadani: Nyumba za Rehani Mwanza

Tangazo la mnada likishabandikwa Nyakato au Buhongwa, muda wa kuchunguza ni mfupi. Sheria ya madalali inataka ardhi itangazwe kwa siku zisizopungua 14 kabla ya kuuzwa, na kazi yote ifanyike ndani ya siku hizo. Mnada wenyewe huisha kwa dakika chache, na aliyekwenda bila karatasi ananunua mdomo wa dalali.

Anzia kwenye tangazo. Nakili namba ya kiwanja, kitalu, namba ya hati na jina la mmiliki. Kama limeandikwa tu "nyumba ipo Igoma karibu na sheli", mpigie dalali au benki wakupe namba ya hati. Wakizungukazunguka, huenda eneo halijapimwa na lina leseni ya makazi au karatasi za serikali ya mtaa tu, jambo la kawaida kwenye miinuko ya Mabatini na Igogo. Hiyo ni biashara nyingine yenye hatari zake, anayeanza aiache.

Ukipata namba, nenda kwa Msajili wa Hati kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa uombe upekuzi rasmi wa daftari la ardhi, yaani kumbukumbu za nani anamiliki kiwanja na nani anakidai. Utajaza fomu, utapewa kumbukumbu namba ya malipo, utalipia, kisha utasubiri majibu ya maandishi yenye sahihi na mhuri. "Nimekuangalizia, iko safi" ya mtu wa kaunta haitakusaidia mahakamani.

Majibu yasome taratibu. Kwanza muda wa umiliki: hati ya miaka 33 iliyoanza 1998 inakwisha 2031, kwa hiyo unachonunua ni kipande kilichobaki. Kisha rehani. Jina la mkopeshaji kwenye daftari lazima liwe la benki ileile inayouza. Kukiwa na rehani mbili na muuzaji ni yule wa pili, wa kwanza bado anaidai nyumba hiyo hata baada ya wewe kulipa. Kama muuzaji hayumo kabisa kwenye daftari, usiende mnadani. Mwisho angalia vizuizi: zuio la mwenzi wa ndoa, la ndugu wa marehemu, au amri ya mahakama. Mmiliki akiwa kampuni, pekua pia BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni, maana madeni yenye dhamana huandikishwa huko.

Daftari lina mipaka yake, na hapa ndipo wengi huumia. Halitakuonyesha kama mke au mume aliridhia nyumba ya familia kuwekwa rehani. Omba benki nakala ya ridhaa hiyo. Omba pia ushahidi kwamba mkopaji alipokea notisi ya siku 60, kwa kuwa bila hiyo haki ya kuuza haijaiva. Kesi nazo zitafute kwa jina la mmiliki kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama, halafu uulize masjala ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwani shauri jipya halijafika mtandaoni. Sheria ya Ardhi humlinda mnunuzi wa mnadani, ila si yule aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba kuna udanganyifu.

Halmashauri utakwenda kutafuta ramani ya upimaji na malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi. Usipotee njia: Nyegezi, Igoma na Buhongwa ziko Jiji la Mwanza, Kirumba, Pasiansi na Buswelu ni Manispaa ya Ilemela. Ukiwa na ramani, mchukue mpima mkatafute bikoni zote, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Ukuta uliovuka bikoni moja unatosha kukuletea ugomvi na jirani.

Viwanja vya ufukweni Luchelele au Bwiru vipimwe pia kutoka majini. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hati iwepo isiwepo. Mwaka 2020 maji yalipanda yakaingia kwenye majengo ya ufukweni, kwa hiyo tazama alama za maji ukutani.

Bei nayo ina mtego. Ikishuka kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko ya eneo hilo, mkopaji anapata hoja ya kwenda mahakamani kwamba benki haikutafuta bei nzuri. Unaweza kushinda, lakini hela yako itakuwa imelala miaka.

Mnada wa amri ya mahakama unataka asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 15. Mnada wa benki hufuata masharti yake, mara nyingi yanayofanana na hayo, yasome kabla. Katikati ya malipo hayo mawili zuio jipya linaweza kuandikishwa, kwa hiyo rudi kwa msajili ufanye upekuzi wa pili asubuhi ya siku ya kulipa salio, na ulipe kwenye akaunti iliyotajwa kwenye masharti ya mnada, kamwe si kwenye simu ya dalali.