Safu ya ziada ya kukagua matriksi

Ukitatua milinganyo kwa mkono kwa mbinu ya Gauss (kupanga namba zake katika matriksi, yaani jedwali, kisha kuondoa kigeu kimoja kimoja kwa kutoa mstari mmoja kutoka mwingine), ongeza safu wima moja mwishoni: jumla ya namba zote za kila mstari, pamoja na ile ya upande wa kulia. Lolote unaloufanyia mstari, ifanyie na jumla yake. Mfano: mstari wa 1 ni 1, 2, 1, 8 (jumla 12), wa 2 ni 3, 8, 1, 22 (jumla 34). Wa 2 ukitoa mara 3 ya wa 1 unabaki 0, 2, −2, −2. Jumla ni −2, na 34 − 36 ni −2. Zisipolingana, rudia hatua hiyo hiyo papo hapo. Mara nyingi ni alama ya kutoa iliyosahaulika. Inafaa kwa sababu jumla nayo huzidishwa na kutolewa sawasawa na namba zinazoiunda. Haikamati makosa mawili yanayofutana ndani ya mstari mmoja, wala namba uliyonakili vibaya tangu mwanzo.