Namna ya Kustahimili Matibabu Marefu ya Meno kwa Ucheshi

Matibabu makubwa ya meno, yale ya kuziba matundu kadhaa, kusafisha mizizi na kuvisha jino kofia ya kulifunika, huweza kuchukua wiki au miezi, na muda mwingi mgonjwa hulala chali akiulizwa maswali asiyoweza kuyajibu. Utani humpunguzia hofu, mradi ajue mahali pake.

Kabla ya kuanza, omba mpango wote wa kazi na uulize kama inawezekana kushughulikia upande mmoja kwa kila ziara, ili ubaki na upande wa kutafunia. Kisha yape majina meno yatakayotibiwa: lile linalokukesheza usiku liitwe Mkorofi, na lile litakalong'olewa liitwe Mstaafu. Kumwambia daktari kwamba Mkorofi ameamka tena ni rahisi kuliko kukiri kwamba unaogopa.

Kubalianeni pia ishara, kwa mfano kuinua mkono wa kushoto, ambayo ikitolewa kazi husimama mara moja. Hapa pasiwe na mzaha wala ushujaa. Jino lenye uvimbe mkali mara nyingi halishiki ganzi vizuri, kwa sababu uvimbe huongeza tindikali inayoidhoofisha dawa. Basi ukihisi maumivu, inua mkono uongezewe ganzi.

Mashine ikizunguka kinywani usicheke hata kidogo. Kichekesho kikikujia, kiweke. Pumua kwa pua, na kichefuchefu kikikunyemelea, inua mguu mmoja na uushikilie hewani, kwani akili ikishughulika na mguu husahau koo. Utaonekana kituko, lakini husaidia.

Baadhi ya kliniki hutoa gesi ya kuchekesha. Horace Wells, daktari wa meno wa Marekani, aling'olewa jino lake mwenyewe akiwa ameivuta mwezi Desemba 1844, lakini alipoionyesha hadharani mjini Boston mwezi uliofuata, mgonjwa alipiga kelele na watazamaji wakamzomea Wells. Jina la gesi hiyo basi lisikudanganye: hutuliza wasiwasi, na kwa kawaida sindano ya ganzi bado huhitajika.

Wakati mzuri wa kucheka ni baada ya kutoka, mdomo ukiwa umelegea saa kadhaa na maji unayokunywa yakikumwagikia kifuani. Simama mbele ya kioo ujaribu kutamka "bibi amebeba pipa". Usitafune wala kunywa kitu cha moto mpaka ganzi iishe, kwani unaweza kujing'ata shavu bila kujua.

Aliyeng'olewa jino aume shashi kwa muda alioelekezwa, na kwa saa 24 asivute sigara, asinywe kwa mrija, wala asiteme mate kwa nguvu, kwa kuwa bonge la damu linaloziba tundu la jino likitoka, mfupa hubaki wazi na maumivu makali huanza siku chache baadaye. Ukipata homa, au uvimbe ukielekea shingoni, au ukashindwa kumeza, nenda hospitali siku hiyohiyo.