Kampuni ipi ikuuzie nyumba Dar? Anza kwa kuhoji yale unayoyaamini

Familia yetu iliamua kuuza nyumba ya marehemu mzee pale Kimara, vyumba vinne, uzio upo, hati ipo, na mimi ndo nikapewa jukumu la kutafuta kampuni ya kutuuzia. Nikaongea na kampuni nne. Ile iliyotaja bei kubwa kuliko wenzake, yenye ofisi ya vioo na komisheni ndogo, ndo nikawaambia ndugu zangu tumepata, na hiyo hiyo ndo ilikaa na nyumba miezi saba bila kuuza. Naandika haya kwasababu najua kuna mtu sasa hivi yupo pale nilipokuwa mimi, ana namba za simu nne mkononi na mama yake anamuuliza kila siku umefikia wapi.

Kitu cha kwanza fanya hivi, kabla hujampigia mtu yeyote chukua karatasi uandike kila unachokiamini kuhusu kampuni nzuri ya kuuza nyumba. Andika hata vile vinavyoonekana vya wazi kabisa, kampuni kubwa ni bora, komisheni ndogo ni nafuu, wanaotangaza sana wana wateja wengi, wameshasajiliwa kwahiyo hawawezi kunitapeli. Alafu mbele ya kila kimoja jiulize, hiki nimekijuaje? Nimeona mwenyewe au nimesikia tu? Mimi ningefanya hivi mapema ningegundua karibu vyote nilivichukua kwenye posti zao wenyewe.

Bei wanayokutajia

Hapa ndo watu wengi tunapigwa, ngoja nikae hapa kidogo. Tunaamini kampuni inayosema nyumba yako ina thamani ya mil 240 itaiuza mil 240, na ile inayosema mil 190 inataka kutudhulumu. Lakini jiulize, mtu anapokutajia bei siku ya kwanza anahatarisha nini? Hana anachopoteza. Kutaja namba ni bure, na yeye anajua kabisa mko kampuni nne kwenye foleni na wewe utamchagua aliyekufurahisha. Ile bei ni ya kukupata wewe, ya kumpata mnunuzi itakuja baadae, baada ya miezi miwili akikupigia anakwambia "soko limekaa vibaya kaka, tushushe kidogo", na anakupigia tena, na tena.

Na kuchelewa kwenyewe kuna hasara. Wanunuzi wa Dar wana macho, nyumba ikikaa mtandaoni miezi mitano na picha zile zile wanaanza kuulizana mbona haiuzwi, ina kesi nini, ndugu wanagombana? Sisi tulipokuja kushusha mpaka mil 200 watu walioulizia walikuwa wanatoa ofa ya mil 160 kwasababu walishaiona muda mrefu wakahisi tuna shida.

Kwahiyo usiulize "nyumba yangu ni bei gani" ukaishia hapo. Uliza "hiyo bei umeitoa wapi?" Akutajie nyumba tatu zilizouzwa eneo hilo hilo, siyo zinazotangazwa, zilizouzwa, zilianza na bei gani, zikaishia ngapi, zilichukua muda gani. Akishindwa kukupa hata moja basi namba yake ameibuni. Na kama uwezo upo lipa mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini akufanyie tathmini yako mwenyewe kabla ya kuita kampuni yoyote, maana yeye halipwi kwa kukupendeza, na kwenye ripoti yake unaweza kupata thamani ya soko na ile ya kuuza haraka, unajua juu wapi na chini wapi.

Na we mwenyewe jihoji pia. Mama yangu alikuwa anahesabu mabati, marumaru, kisima, ule muembe mzee alioupanda mwaka tuliohamia. Mnunuzi haulipii muembe. Inauma kumwambia mzazi hivyo, mwambie taratibu, ila mwambie kabla nyumba haijaingia sokoni.

Komisheni ndogo

Swali la kuliogopa ni hili, "we unataka ngapi mkononi?" Linasikika zuri sana. Maana yake mara nyingi ni kwamba chochote kitakachozidi hapo ni chake, hicho ndo cha juu. Tufanye hesabu. Umesema unataka mil 180. Kampuni ya kwanza inachukua asilimia 3, inatangaza mil 205 na kuuza mil 205 bila kukwambia. Wewe unapewa 180 wanatoa mil 5.4 yao, unabaki na 174.6. Wao wamebeba 25 pamoja na 5.4, jumla mil 30.4, karibu asilimia 15 ya hela yote aliyotoa mnunuzi. Kampuni ya pili inataka asilimia 5 na imekubali kwa maandishi hakuna cha juu, ikauza mil 195 tu, chini ya mwenzake. Komisheni ni 9.75, wewe unaondoka na mil 185.25. Yani aliyeonekana ghali amekuachia zaidi ya mil 10.

Kuna na ya kodi. Ukiuza nyumba kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na faida inaanzia kwenye bei ya mauzo. Mkataba ukiandikwa mil 205 wewe umepokea 180, unajikuta unadaiwa kodi ya hela ambayo hujaigusa. Ukiandikwa 180 wakati mnunuzi katoa 205, umesaini karatasi ya uongo. Kote kubaya. Muulize kila mmoja, kodi hiyo nani analipa na mmeihesabu kwenye makadirio yenu? Mimi mmoja alinijibu "hiyo mnunuzi analipa", nikamshukuru nikaondoka.

Usilinganishe asilimia, linganisha hela itakayobaki mkononi mwako baada ya kila kitu.

Wafuasi, ofisi na usajili

Wafuasi laki moja Instagram sawa, wangapi kati yao wana mil 180? Wengi tunaangalia nyumba za watu kama burudani, hata mimi naangalia. Neno "imeuzwa" kwenye picha nalo mtu yeyote anaweza kuliandika.

Swali linalofanya kazi ni hili hapa na liulize hivi hivi: mwaka jana mlichukua nyumba ngapi ukanda huu, ngapi mliuza, na ngapi zilirudi kwa wenyewe bila kuuzwa? Watu wote watakwambia walizouza. Zile zilizorudi ndo zinakuonyesha kazi yao, maana kampuni iliyouza nyumba 10 kati ya 12 na iliyouza 10 kati ya 60 zote zinaweza kukuonyesha picha 10 nzuri. Omba uongee na mwenye nyumba mmoja aliyeuziwa na mmoja aliyekaa nao akaondoka. Huyo wa pili hawatapenda kukupa, tazama tu wanavyojibu.

Kuhusu usajili, kuwa BRELA, ile wakala ya serikali inayosajili kampuni, ni jambo la kuangalia na unaweza kutafuta jina lao mtandaoni, ila inakwambia tu kwamba kampuni ipo. Haikwambii wanajua kuuza nyumba wala kwamba ni waaminifu. Sisi tuliona cheti ukutani tukapumua kama vile tumeshauza.

Jifanye mnunuzi

Hii ningeijua mapema ningeokoa miezi. Tafuta nyumba inayotangazwa na kampuni unayoifikiria, eneo lolote, mpe rafiki yako apige simu kama mteja. Sikilizeni. Wanapokea? Wanarudisha ujumbe baada ya siku ngapi? Wanaomba hela ya kuonyeshea kabla hata hawajajua mteja anatafuta nini? Wanajua kama nyumba ina hati au wanasema "hiyo tutauliza"? Na kubwa kuliko zote, mteja akiuliza bei tu wanasema nini. Rafiki yangu aliuliza nyumba iliyotangazwa mil 150 maongezi yapo, na yule kijana kabla hajaombwa kitu akasema "ila mwenye nyumba ana shida, ukija na 125 anaachia". Fikiria huyo mwenye nyumba, yupo kwake anadhani ana mtu anayempigania.

Wanaouliza maswali magumu

Hapa nitasema jambo lililonigeuza kabisa. Kati ya zile kampuni nne kulikuwa na moja ndogo, dada mmoja na ofisi ya chumba kimoja, siku ya kwanza tu kabla ya kuangalia hata sebule akamuomba mama barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Mama alichukia, akasema huyu binti hana adabu amekuja msibani kudai karatasi. Nikamuunga mkono mama. Tukaenda kwa wale waliotupamba.

Miezi saba baadae akaja mnunuzi wa kweli, wakili wake swali la kwanza likawa lile lile la yule dada, na barua ilikuwepo ila bado nyumba ilikuwa kwa jina la marehemu na hakuna aliyetuambia tuanze mchakato. Mnunuzi akasubiri wiki tatu akaenda kwingine. Tukarudi kwa yule dada. Mama ndo alimpigia mwenyewe kumuomba radhi, akamuita mwanangu.

Kwahiyo mtu anayekuuliza hati iko kwa jina la nani, mwenzi wako amekubali, kodi ya pango la ardhi imelipwa mpaka lini, kuna mkopo benki, huyo usimuone msumbufu. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja wenu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na yale maandishi ya "nyumba hii haiuzwi" kwenye kuta za watu Dar unayaona kila siku. Ambaye haulizi ujue hajawahi kufika mwisho wa dili nyingi, au anategemea tatizo likija litakuwa lako.

Wakikwambia wana wateja wa mkopo wa benki, waulize hao wateja wananunua nyumba za aina gani. Kwa mkopo wa kununua nyumba benki nyingi zinataka hati, kwahiyo kama wewe una leseni ya makazi au karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, ile orodha yao ndefu ya wateja wa benki huenda isikuhusu.

Na usiamini kampuni ya Masaki itajua kila mahali. Kimara mnunuzi anauliza hifadhi ya barabara kwanza, watu hawajasahau bomoabomoa ya 2017 kando ya barabara ya Morogoro. Ile kampuni yetu ya vioo haikuwa na jibu, yule dada alikuwa ameshapima umbali na ameweka kwenye tangazo.

Ukishachagua

Wengine wanaamini ukiwapa madalali kumi utauza haraka. Jaribu uone nyumba moja inatangazwa kwa bei sita, mnunuzi anaanzia kwenye ile ya chini. Mimi naona ni bora kumpa mmoja, ila kwa miezi mitatu, siyo mwaka. Mkataba useme komisheni ni asilimia ya bei halisi ya mauzo, hakuna cha juu, ofa zote zije kwako kwa maandishi hata zile za matusi, na mkataba ukiisha wakupe orodha ya wateja waliowaleta ili kesho wasidai komisheni ya mtu uliyempata mwenyewe kanisani.

Wakili awe wako. Wa kampuni analipwa na dili kuisha, na jina la wakili yeyote unaweza kulihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Hela ya mnunuzi iende moja kwa moja kwenye akaunti yako, komisheni uitoe wewe baada ya hapo, ukiambiwa "utaratibu wetu inapitia kwetu kwanza" sema hapana na usimame hapo hapo.

Alafu baada ya wiki mbili mpe tena yule rafiki yako simu, safari hii aulizie nyumba yako.