Kuhamishia ruti za barua kwenye vani za umeme, na taimu mbili zilizonikosesha usingizi

Wiki chache zilizopita mwenzangu anayesimamia kituo cha kusambaza barua na vifurushi alinipigia simu alfajiri. Alikuwa amepokea vani sita za umeme, usiku ule ndio wa kwanza kuzichaji zote kwa pamoja, na tatu zilikuwa hazijaongeza hata asilimia moja. Nilicheka, kisha nikamwomba radhi. Yalishanikuta mimi na vani zangu nane. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

Hatua ya 1: Zijue ruti zako kabla ya kulijua gari

Kwa wiki mbili andika kila ruti ina kilomita ngapi, inasimama mara ngapi, na mzigo unatoka na uzito gani. Daftari na kalamu ndani ya gari vinatosha. Nimejaribu programu za simu na madereva huacha kuzijaza siku ya tatu.

Vani ya umeme ya kawaida hula takriban uniti (kilowati-saa) 20 hadi 30 kwa kilomita 100. Ruti ya kilomita 70 kwa hiyo inahitaji kama uniti 18, wakati betri nyingi za vani siku hizi zina uniti 40 na kuendelea. Kazi ya barua inalifaa gari la umeme kuliko kazi nyingi: mwendo ni mdogo, kila unaposimama breki zinarudisha umeme kidogo kwenye betri, na jioni gari linarudi palepale lilipotoka. Deutsche Post, kampuni ya posta ya Ujerumani, waliliona hilo mapema, hadi mwaka 2014 wakainunua StreetScooter, kampuni changa iliyokuwa ikiunda vani za aina hiyo.

Hatua ya 2: Chagua betri kwa siku mbaya

Chukua umbali uliotangazwa na mtengenezaji, toa theluthi, kisha ulinganishe na ruti yako ndefu kuliko zote. Kwenye baridi kali kinachokula betri ni hita ya hewa, hasa mlango unapofunguliwa kila dakika. Dai viti vyenye joto. Vinatumia umeme kidogo sana na dereva hatalalamika.

Angalia pia uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Betri ni nzito, na kilo zake hupunguza za vifurushi.

Hatua ya 3: Kila gari na chaja yake

Hapa sibembelezi mtu. Usinunue chaja moja ya kasi ili magari yapokezane. Nani ataamka saa nane usiku kuhamisha waya? Funga chaja za polepole za ukutani, za kilowati 7 hivi, moja kwa kila nafasi ya kuegesha, zenye waya wake wa kudumu. Waya wa kubeba husahaulika au hukanyagwa na matairi. Kazi yote ifanywe na fundi umeme mwenye leseni, na ekstensheni isionekane karibu.

Hatua ya 4: Usiku

Anza na hesabu. Vani nane mara kilowati 7.4 ni karibu kilowati 60, na madereva wote wanarudi saa ile ile. Sakiti breka kuu ikikatika, unaanza asubuhi na magari matupu. Lakini huhitaji hizo 60. Vani nane zenye haja ya uniti 20 kila moja, humo ukiwemo tayari umeme unaopotea wakati wa kuchaji, ni uniti 160. Zimeegeshwa tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, saa 11. Gawanya: kilowati 15 zinatosha. Kwa hiyo nunua chaja zinazogawana umeme zenyewe, uziwekee kikomo. Mimi niliweka 20.

Sasa kilichonitesa. Mita yetu ina bei nafuu kuanzia saa nne usiku, nikaweka taimu kwenye chaja zianze saa hiyo. Asubuhi, magari manne yalikuwa na asilimia zile zile yaliyorudi nazo. Taa za chaja zilikuwa kijani. Nilibadilisha nyaya, nikahamisha magari kutoka chaja hii kwenda ile, nikamwita fundi, akapima, akasema kila kitu kizima. Usiku wa tatu nilikaa kwenye kiti cha dereva nikiwa na blanketi, nikitazama dashibodi.

Kumbe yalikuwa mambo mawili. La kwanza, gari likichomekwa likakuta hakuna umeme, baada ya muda kompyuta yake hulala. Saa nne chaja inaleta umeme, na baadhi ya magari hayaamki. La pili, magari mawili yalikuwa na taimu yake ndani, aliyoiweka dereva kwa nia njema kabisa. Taimu ya chaja inasema sasa, ya gari inasema bado.

Dawa yake:

- Taimu iwe mahali pamoja tu. Mimi nazima ya gari na kubaki na ya chaja. Kama unataka gari lipashe joto kabla ya kuondoka, huenda likakulazimisha kutumia taimu yake. Basi hapo zima ya chaja, kwa magari yote, si kwa mawili.
- Usishushe umeme hadi sifuri. Kiwango cha chini ambacho chaja inaweza kuliruhusu gari ni ampea 6, yaani karibu kilowati 1.4 kwa fezi moja. Tangu jioni yape magari hizo ampea 6, halafu ongeza saa nne. Utalipa zaidi kidogo kwa saa za mwanzo, ila hakuna gari litakalolala.
- Chunguza chaja hufanya nini intaneti ikikatika. Nyingine husimama, nyingine hurudi kwenye nguvu zote na kukata breka. Mwambie fundi aziwekee kiwango salama cha kurudia.
- Zima umeme wa chaja makusudi, subiri dakika tano, washa. Gari lisiloendelea kuchaji lenyewe, liandike jina lake ukutani. Chaja nyingine hudai kadi ya kuziruhusu upya baada ya umeme kukatika, na usiku hakuna wa kuigusisha.
- Usiamini taa ya kijani. Angalia namba za kilowati kwenye mita, dakika kumi na tano baada ya saa nne.

Kwa betri za LFP (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfati), chaji hadi asilimia 100 angalau mara moja kwa wiki, la sivyo kompyuta huanza kukosea asilimia. Aina nyingine nyingi, ishia 80 kama ruti inaruhusu.

Hatua ya 5: Madereva

Nusu siku ya kujifunza kupunguza mwendo kwa kuachia pedali inatosha. Wakumbushe kwamba watu hawalisikii gari likija. (Mbwa pia hawalisikii, na kuna dereva wangu anayeiona hiyo kuwa faida kuu ya mradi wote.)

Betri ndogo ya volti 12 ndiyo itakayokuangusha barabarani, si ile kubwa. Gari likizimwa huku taa za sehemu ya mizigo zinawaka na mlango unafunguliwa mara mia kwa siku, hiyo ndogo huisha na gari haliwaki. Weka betri ya kushtulia kwenye kila vani.

Hatua ya 6: Anza na ruti mbili

Hii ningeiweka juu. Ruti mbili, mwezi mmoja, halafu nyingine.

Mwenzangu jana alinitumia picha za dashibodi sita za saa kumi na moja alfajiri. Tano zinasoma 80. Ya sita ilikuwa 34, na kwenye kona ya kioo chake kuna alama ndogo ya saa.